Kemia kwa Kijiko cha Chumvi: Istilahi za Mwanzo, Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha kwanza aliwahi kukosa alama kwa sababu ya barafu. Swali liliuliza nini hutokea chumvi inapotiwa majini. Binti alijua vizuri sana, amepika tangu ana miaka tisa. Lakini alifikiri kwa Kiswahili cha nyumbani, ambacho kinasema chumvi "imeyeyuka" kama kinavyosema barafu "imeyeyuka", na alipotafsiri kwenda Kiingereza cha mtihani akaangukia neno la barafu (melt badala ya dissolve). Akakatwa.

Tangu hapo niliacha kuanza somo na fasili za kukariri. Naanza na kijiko cha chumvi, na kila istilahi inaingia pale tu kitu chenyewe kikiwa mbele ya macho. Nimegundua pia kwamba maneno mageni kabisa, kama elektroni au isotopi, hayasumbui sana. Mwanafunzi anajua kwamba hayajui, basi anajifunza. Yanayomwangusha ni yale aliyokua nayo: kuyeyuka, mchanganyiko, kali, hewa, madini, na hata chumvi yenyewe. Maneno hayo yana maana moja jikoni na maana nyingine maabara, na hakuna anayemwambia.

Andaa vitu hivi: chumvi ya mawe, kiganja cha mchanga mkavu, glasi mbili za kioo, kitambaa safi cheupe, sufuria ndogo, manjano ya unga, kipande cha sabuni ya kufulia, ndimu moja, na pakiti tupu ya ORS (dawa ya kuongeza maji mwilini). Daftari ligawe safu tatu: neno, maana yake nyumbani, maana yake katika kemia. Safu ya kati usiiruke. Hiyo ndiyo inayookoa alama.

Hatua ya 1: Shika punje moja

Punje ya chumvi ina tungamo (kile unachopima kwa mizani, kwa gramu) na inachukua nafasi. Kitu chochote chenye sifa hizo mbili ni maada. Hewa nayo ni maada, ingawa huioni. Kandamiza karatasi kavu ndani ya glasi, kwenye kitako, kisha izamishe glasi kifudifudi kwenye ndoo ya maji, wima kabisa. Ukiitoa, karatasi ni kavu. Maji yamekosa pa kuingia kwa sababu mle ndani mna mwenyeji.

Maada ina hali tatu za kawaida: mango (jiwe, chumvi, barafu), kimiminika (maji, mafuta) na gesi. Angalia neno hili la mwisho. Nyumbani "gesi" ni mtungi wa kupikia, na "hewa" ni kila kisichoonekana, hata tunasema "hewa ya ukaa". Katika kemia gesi ni hali ya maada, na hewa ni mchanganyiko maalumu wa gesi nyingi: nitrojeni asilimia 78 hivi, oksijeni asilimia 21, na kiasi kidogo cha nyingine. Kwa hiyo oksijeni ni gesi iliyomo hewani. Yenyewe si hewa.

Neno jingine la kuandika mapema ni kemikali. Utasikia sokoni, "Mboga hizi hazina kemikali." Muuzaji anamaanisha hazikupuliziwa dawa, na tunamwelewa. Lakini maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na mchicha wenyewe umejaa kemikali tangu mizizi hadi majani.

Hatua ya 2: Tenganisha chumvi na mchanga

Koroga kijiko kikubwa cha chumvi na kiganja cha mchanga. Umepata mchanganyiko. Alama zake ni mbili: unaweza kuweka kiasi chochote cha hiki na kile na bado ukaitwa mchanganyiko, na kila kimoja kinabaki na tabia zake, hivyo unaweza kuvitenganisha bila kuviharibu.

Mimina maji ya moto, koroga, tulia utazame. Mchanga unazama. Chumvi inatoweka machoni, lakini imo. Kitendo hicho kinaitwa kumumunyika. Fikiria pipi unayoimumunya: haijapata moto wowote, ila inakwisha polepole ndani ya mate. Kinachotoweka (chumvi) ni kimumunyika, kinachokipokea (maji) ni kimumunyishi, na viwili hivyo pamoja ni mmumunyo.

Kuyeyuka ni jambo jingine. Huko dutu iko peke yake, joto linaigeuza kutoka mango kuwa kimiminika. Barafu huyeyuka kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Chumvi nayo huyeyuka, ila kwenye nyuzi 801, na sufuria yako ya alumini ingekuwa imekwisha kuyeyuka zamani, kwenye nyuzi 660. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: kama kimiminika kingine kilihitajika ili kitu kitoweke, kimemumunyika, kama joto tu lilitosha, kimeyeyuka.

Sasa chukua glasi nyingine yenye mililita 100 za maji, uongeze chumvi kijiko kimoja cha chai kwa wakati, ukikoroga. Ukifika gramu 36 hivi, yaani kama vijiko sita, utaona chumvi inalala chini hata ukikoroga mpaka mkono uchoke. Maji yameshiba. Kemia imelichukua neno hilihili bila kulibadili: huu ni mmumunyo shibe. Rudia kwa sukari, na utashangaa, kwa kuwa maji hayohayo yanaweza kubeba karibu gramu 200 za sukari. Kila dutu ina kiwango chake.

Rudi kwenye mchanga. Pitisha yote kwenye kitambaa. Mchanga uliobaki juu ni masalia, maji yaliyopita ni mchujo. Mimina mchujo kwenye sufuria, uuvukize kwa moto mdogo, au uuache juani kwenye sahani siku mbili tatu. Nakushauri juani. Moto unaharakisha na kukupa unga, jua linakupa fuwele zilizokua kwa utulivu. Zitazame kwa karibu, kwa kioo cha kukuzia ukiwa nacho: ni vijisanduku, pembe zake ni za mraba. Sababu yake tutaiona hatua ya 4.

Hivi ndivyo wanavyofanya kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, Lindi na Pemba. Kila lita ya maji ya bahari imebeba kama gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na jua linafanya kazi ya moto. Uvinza, mkoani Kigoma, maji ya chumvi hutoka kwenye chemchemi mbali kabisa na bahari, na watu wa huko wameyachemsha kupata chumvi kwa karne nyingi.

Kuna jambo wavunaji wa chumvi wanalijua ambalo vitabu vya kidato cha kwanza hulipita. Maji ya bahari hayatoi kila kitu kwa pamoja yanapokauka. Jasi hutangulia kuganda, inafuata chumvi ya kula, na mwisho yanabaki maji machungu yenye chumvi za magnesiamu. Mvunaji anayengoja mpaka bwawa likauke kabisa anavuna na uchungu. Kloridi ya magnesiamu ndiyo inayovuta unyevu wa hewani, na ndiyo maana chumvi ya mawe isiyooshwa vizuri hulowa ndani ya kopo wakati wa masika, ilhali chumvi safi ya pakiti hubaki kavu zaidi. Mama anayetia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi anapambana na magnesiamu.

Ukitaka kuhifadhi maji pia, si chumvi tu, itabidi uukamate mvuke na kuupoza uwe maji tena. Huko ni kukeneka. Mafuta ya karafuu ya Pemba hupatikana kwa njia hiyo.

Hatua ya 3: Jaribu kuigawa chumvi yenyewe

Umeitoa mchanga, umeitoa maji. Je, chumvi safi inaweza kugawanywa tena? Ukiisaga unapata chumvi ndogo. Ukiichuja, chumvi. Njia zote za hatua ya 2 zimegonga mwamba. Lakini ukiiyeyusha kwa joto lile kubwa na kupitisha umeme ndani yake, inagawanyika kuwa vitu viwili visivyofanana nayo hata kidogo: sodiamu, metali laini inayokatika kwa kisu na kuwaka ikigusa maji, na klorini, gesi ya kijani-manjano yenye sumu, iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hapa simama kidogo. Sodiamu ingekuchoma mdomo, klorini ingekuharibu mapafu, na zilipoungana zikawa kitu unachonyunyizia kwenye mayai. Hii ndiyo tofauti ya mchanganyiko na kampaundi. Ndani ya kampaundi, vilivyoungana vimepoteza tabia zao za awali, vimeungana kwa uwiano usiobadilika, na kuvitenganisha kunahitaji badiliko la kikemia. Sodiamu na klorini zenyewe hazigawanyiki zaidi kwa njia za kikemia, basi kila moja ni elementi. Hadi sasa elementi zinazotambuliwa ni 118.

Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema chumvi ni "mchanganyiko wa sodiamu na klorini". Usiandike hivyo. Chumvi ni kampaundi. Chumvi na mchanga ni mchanganyiko. Maji ya bahari ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi.

Onyo, na naomba ulifikishe nyumbani: ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki, usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Viwili hivyo hutoa gesi ya klorini, palepale bafuni, mlango ukiwa umefungwa.

Neno jingine la safu ya kati ni madini joto. Pakiti ya chumvi inasema imeongezwa madini joto, yaani iodini, ili kuzuia rovu, ule uvimbe wa shingo. Jina hilo limefanya kazi kubwa na jema kwa afya ya watu wetu. Darasani, hata hivyo, iodini ni elementi isiyo metali, ndugu wa klorini, na haina joto lolote. Na inayotiwa kwenye chumvi kwa kawaida si iodini tupu, ni kampaundi yake, iodeti ya potasiamu.

Hatua ya 4: Ingia ndani ya atomu

Kipande kidogo kabisa cha elementi ambacho bado ni elementi hiyo ni atomu. Katikati yake kuna kiini chenye protoni (chaji chanya) na nyutroni (hazina chaji). Nje ya kiini kuna elektroni (chaji hasi), ambazo kwa mwanzo tunazipanga katika mizingo.

Idadi ya protoni ndiyo kitambulisho cha elementi, nayo huitwa namba ya atomu. Sodiamu ni 11, klorini ni 17. Ongeza protoni moja kwenye sodiamu na hutakuwa tena na sodiamu, utakuwa na magnesiamu. Protoni ukijumlisha na nyutroni unapata namba ya masi: sodiamu 11 + 12 = 23.

Klorini inawachanganya wengi kwa sababu jedwali la elementi linasema 35.5, na nusu ya nyutroni haipo. Jibu ni kwamba atomu za klorini zipo za aina mbili, zote na protoni 17, ila moja ina nyutroni 18 (jumla 35) na nyingine ina 20 (jumla 37). Hizo ni isotopi. Katika kila atomu nne za klorini, karibu tatu ni za 35 na moja ni ya 37. Piga wastani: (35 + 35 + 35 + 37) ÷ 4 = 35.5.

Sasa zipange elektroni. Mzingo wa kwanza unabeba 2, wa pili 8, na kwa elementi hizi za mwanzo wa tatu tunauhesabu 8. Sodiamu: 2, 8, 1. Klorini: 2, 8, 7. Chora duara hizo daftarini, kwa mkono wako. Utaona mwenyewe kinachokuja: sodiamu ina elektroni moja ya ziada nje, klorini imepungukiwa moja. Sodiamu inatoa, klorini inapokea. Sodiamu inabaki na protoni 11 na elektroni 10, hivyo ina chaji +1. Klorini ina protoni 17 na elektroni 18, chaji −1. Atomu iliyopata chaji hivi inaitwa ayoni. Chanya na hasi huvutana, na mvutano huo ni bondi ya ayoni.

Ndani ya punje, kila ayoni ya sodiamu imezungukwa na sita za kloridi (ndilo jina la ayoni ya klorini), na kila ya kloridi imezungukwa na sita za sodiamu: juu, chini, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Mpangilio huo ni wa mraba kila upande, ndiyo maana fuwele zako za juani zilikuwa vijisanduku. Na ndiyo maana hatusemi "molekuli ya chumvi". Molekuli ni kundi la atomu chache zilizofungamana kwa kushirikiana elektroni, kama maji, oksijeni au sukari. Chumvi haina makundi ya hivyo, ina mpangilio mmoja wa ayoni unaoendelea pande zote.

Hatua ya 5: Soma na kuandika fomula

Alama za elementi ni za kimataifa, na nyingine hazifanani na majina tunayoyajua. Sodiamu ni Na, kutoka jina la Kilatini natrium, na baadhi ya maandishi ya Kiswahili huiita natiri kwa sababu hiyo. Ukisahau, kumbuka Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania. Natron ni jina la kale la magadi, na magadi ni kampaundi za sodiamu. Ziwa limebeba alama yako jina zima.

Herufi ya kwanza ni kubwa, ya pili ndogo, na hili si pambo. Co ni kobalti, metali. CO ni kaboni monoksidi, gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Kuandika fomula ya kampaundi ya ayoni, weka chaji mbili kando kwa kando na uhakikishe jumla ni sifuri. Sodiamu +1 na kloridi −1: NaCl, imetosha. Kalsiamu +2 na kloridi −1: unahitaji kloridi mbili, CaCl₂. Sodiamu +1 na kaboneti (kundi la atomu CO₃ lenye chaji −2): Na₂CO₃, ambayo ni sehemu ya magadi tunayotia kwenye maharage yaive haraka. Namba ndogo ya chini huhesabu kile kilichoitangulia tu. Ikiwa inahesabu kundi zima, kundi hutiwa kwenye mabano: Ca(OH)₂.

Hatua ya 6: Andika mmenyuko wa chokaa

Chumvi imetufikisha mbali, lakini kwa mmenyuko wa kikemia nampenda zaidi mchoma chokaa. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Lamu na pwani yote zimesimama kwa kazi yake.

Yeye huchukua mawe ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya kalsiamu, akayachoma kwa moto mkali. Jiwe linatoa kaboni dioksidi, inabaki oksidi ya kalsiamu:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Upande wa kushoto ni viambata vya kuanzia, kulia ni mazao, na mshale unasomwa "huwa". Maandishi haya yote ni mlinganyo wa kikemia. Hesabu atomu: kalsiamu moja na moja, kaboni moja na moja, oksijeni tatu na (1 + 2). Umelingana.

Hesabu na tungamo: Ca ni 40, C ni 12, O ni 16. Jiwe ni 40 + 12 + 48 = 100. Chokaa ni 56, gesi ni 44. Kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 tu za chokaa. Mchomaji asiyejua kemia anaweza kudhani moto "umekula" karibu nusu ya jiwe. Haukula. Kilo 44 zimeondoka angani kama gesi. Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliijenga kemia mpya katika karne ya 18 kwa kupima namna hii, akisisitiza kwamba tungamo haipotei wala haizuki ndani ya mmenyuko.

Kisha chokaa inazimwa kwa maji. Inachemka yenyewe, inatoa mvuke, pipa linakuwa moto. Usijaribu hili nyumbani, maana inaunguza ngozi na macho:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Mmenyuko unaotoa joto huitwa mmenyuko toajoto. Ule wa kwanza, wa tanuu, unahitaji joto muda wote. Na fundi akishapaka ukuta, chokaa inavuta polepole kaboni dioksidi ya hewani:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Tazama zao la kulia. Ni CaCO₃, kitu kilekile tulichoanza nacho. Ukuta umerudi kuwa jiwe. Miaka yote ninayofundisha, hapa ndipo darasa linapotulia.

Milinganyo hiyo ilijilinganisha yenyewe. Mingi haijilinganishi. Sodiamu na klorini: Na + Cl₂ → NaCl. Klorini kushoto ni mbili, kulia moja. Kosa linalofanywa na karibu kila anayeanza ni kuandika NaCl₂. Ukigusa namba ndogo umebadilisha dutu yenyewe, na dutu hiyo haipo. Badilisha namba kubwa ya mbele tu: 2Na + Cl₂ → 2NaCl.

Hatua ya 7: Doa la mchuzi kwenye kanzu

Kila aliyefua kanzu nyeupe iliyodondokewa na mchuzi wenye manjano amekutana na hili: doa la njano, ukilipaka sabuni, linageuka jekundu kama damu ya mzee. Wengi huogopa wakidhani wameharibu nguo.

Koroga manjano kwenye maji kidogo, chovya kitambaa cheupe, kiache kikauke. Paka sabuni ya kufulia iliyoloweshwa: wekundu. Kamulia ndimu palepale: njano inarudi. Ndimu ni asidi, sabuni ni ya upande wa besi, na manjano ni kiashiria, yaani dutu inayobadili rangi kukuonyesha uko upande gani. Rozela nayo ni kiashiria kizuri: nyekundu kwenye ndimu, na ukitia magadi inaelekea ubuluu na ukijani.

Asidi, ambayo mtaani tunaiita tindikali, ikiwa majini hutoa ayoni za hidrojeni, H⁺. Besi inayomumunyika majini huitwa alkali, nayo hutoa ayoni za hidroksidi, OH⁻. Kipimo cha pH, kwa kawaida 0 hadi 14, kinaonyesha: chini ya 7 ni asidi, 7 ni kati, juu ya 7 ni besi. Asidi na besi zikikutana hubatilishana:

HCl + NaOH → NaCl + H₂O

Imerudi chumvi yetu. Lakini sasa neno limepanuka. Katika kemia, chumvi ni jina la ukoo mzima: kampaundi ya ayoni inayotokana na asidi na besi. Magadi ni chumvi. Jasi ni chumvi. Jiwe la chokaa ni chumvi. Ile ya mezani ni mwanaukoo mmoja tu, kloridi ya sodiamu.

Na neno "kali". Nyumbani chai yenye majani mengi ni kali, pilipili ni kali, asidi ni kali. Kemia inatenga mambo mawili. Asidi kali ni ile inayoachia ayoni zake zote majini, kama ya hidrokloriki. Asidi dhaifu, kama ya siki, inaachia kidogo tu. Wingi wa asidi ndani ya maji ni jambo jingine, unaitwa ukolezi, kutoka kukolea, kama chai inavyokolea. Unaweza kuwa na asidi kali isiyokolea, na asidi dhaifu iliyokolea. Wala usidhani besi ni pole. Soda kali ya kutengenezea sabuni inaunguza macho vibaya sana.

Hatua ya 8: Hesabu kwa moli

Atomu ni ndogo mno kuhesabiwa moja moja, kama vile hakuna anayehesabu punje za mchele dukani. Muuzaji wa mayai anahesabu kwa trei, muuza vikombe kwa dazeni, mkemia kwa moli. Moli moja ni vitu 6.02 × 10²³. Uzuri wake ni huu: jumlisha tungamo za atomu kwenye fomula, weka neno gramu mbele yake, na umepata tungamo ya moli moja. NaCl ni 23 + 35.5 = 58.5. Gramu 58.5 za chumvi ni moli moja.

Geuza pakiti ya ORS ya lita moja usome nyuma. Fomula inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu.

Moli = tungamo ÷ tungamo ya moli moja = 2.6 ÷ 58.5 = 0.044

Ikimumunyika katika lita moja, ukolezi wake ni moli 0.044 kwa lita, yaani milimoli 44. Ukiitia kwenye nusu lita umeukoleza maradufu, na mtoto anayeharisha anaweza kudhurika. Ndiyo maana wahudumu wa afya wanasisitiza kipimo cha maji.

Sasa zoezi la kumalizia. Fomula hiyohiyo inasema sodiamu ni milimoli 75 kwa lita. Wewe umepata 44. Zilizobaki zimetoka wapi? Usikimbilie jibu, soma orodha ya viambato tena. Kuna kampaundi nyingine yenye sodiamu: sitireti ya sodiamu, gramu 2.9. Tungamo ya moli yake moja ni gramu 294, na kila fomula yake ina sodiamu tatu.

2.9 ÷ 294 = 0.00986

0.00986 × 3 = 0.0296, karibu milimoli 30

44 + 30 = 74. Ile moja iliyopungua haikupotea kwenye hesabu yako: gramu za kwenye fomula, 2.6 na 2.9, zenyewe zimekadiriwa. Rudia hesabu bila kukata namba katikati, utaona bado unabaki kwenye 74.